Barua ya wazi: kagueni maguta na mikokoteni karakanani, msisubiri kuyakamata barabarani

Kwa waheshimiwa mlio na dhamana ya barabara, masoko, viwango na viwanda vidogo katika Jiji la Dar es Salaam na manispaa nyingine za mkoa,

Salaam. Tunaoandika ni mafundi wa kuchomelea. Maguta, mikokoteni na baiskeli za miguu mitatu mnazoziona Kariakoo, Buguruni, Tandale na Temeke zinatoka mikononi mwetu au mwa wenzetu. Hatuandiki kuomba huruma, wala hatutaki kuwaambia kwamba vyombo hivi ni salama. Vingi si salama, na sisi tunajua kuliko mtu yeyote ni wapi pabovu, kwa sababu ndiko tunakoletewa vikishavunjika. Tunachosema ni hiki: ubovu huo una mahali pake, una sababu zake, na karibu wote unarekebishika karakanani kabla chombo hakijagusa lami. Operesheni ya kukamata na kukatakata haiurekebishi. Mwenye guta likikatwa leo, wiki ijayo anakuja kutengenezewa jingine, na kwa kuwa ameshapata hasara anataka la bei rahisi zaidi. La bei rahisi zaidi maana yake ni lisilo na breki.

Tuanze kwa kutenganisha vitu, maana kwenye matangazo yenu vyote huwekwa kapu moja. Mkokoteni una magurudumu mawili, hauna pedeli, mtu anauvuta kwa mikono. Guta la pedeli lina gurudumu moja mbele na mawili nyuma, na bodi ya mzigo iko nyuma ya mwendeshaji. Guta la injini, ambalo wengine huliita toyo, hutoka kiwandani na breki zake na taa zake. Hilo lina taratibu zake na hatulizungumzii hapa. Halafu kuna baiskeli ya walemavu inayoendeshwa kwa mikono. Kila kimoja kinaua kwa namna yake, kwa hiyo kanuni moja kwa vyote itakosea kote.

Mkokoteni kwanza, kwa kuwa ndio unaodharauliwa zaidi na ndio rahisi zaidi kuurekebisha.

Mikokoteni mizito hujengwa juu ya ekseli ya gari chakavu, rimu za inchi 13 au 14, fremu ya mbao ngumu au chuma cha pembe, na mikono miwili inayotoka mbele kama mita 2 kutoka kwenye ekseli. Breki yake mnaijua: kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa nyuma chini ya fremu. Mvutaji akitaka kupunguza mwendo anainua mikono juu, mkia unashuka, tairi linasugua lami. Ni akili nzuri kwa mzigo mdogo. Kwa tani nusu mteremkoni ni hatari, kwa sababu ili ufunge breki inabidi nguvu zako zote ziende kwenye kuinua mikono, na wakati huohuo ndio unaotakiwa kuongoza. Mikono ikishafika usawa wa kichwa huna tena uwezo wa kukata kona.

Dawa yake inatupwa kila siku. Ekseli ya nyuma ya gari dogo linaloendeshwa na matairi ya mbele huja na ngoma mbili za breki, na ndani ya ngoma hizo vitambaa vya breki hukazwa kwa njia mbili: mafuta, na kebo ya handibreki. Mafuta hatuyahitaji. Kebo ya handibreki inatosha kabisa, haivuji na haitaki kutolewa upepo. Lakini mchuuzi wa vyuma chakavu huvua vitambaa na kebo akaviuza peke yake, na ekseli inafika kwetu ikiwa tupu. Tunachopendekeza ni kwamba mkokoteni wowote wa ekseli ya gari uruhusiwe tu ukiwa na ngoma zake kamili, kebo zimeunganishwa na mkono mmoja wa chuma uliofungwa kwenye mkono wa kuvutia, mahali ambapo vidole vinaufikia bila kuachia. Mkono huo uwe na urefu wa sentimita 25 hivi, na tundu la pini ili mkokoteni ukisimama ubaki umefungwa. Kazi nzima ni ya siku moja kwa fundi mmoja. Ekseli yenye difu (kisanduku cha meno kinachoyaacha magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti kwenye kona), ile ya pikapu, nayo inafaa, ila difu ni mzigo wa bure: unavuta chuma kisichokusaidia chochote.

Jambo la pili kwenye mkokoteni ni upakiaji, na hapa tunaomba mtuvumilie kwa hesabu kidogo, kwa kuwa ndipo wengi wanapoumia mgongo na bega. Mzigo wa kilo 600 ukikaa sentimita 10 nyuma ya ekseli, kwenye mikono iliyo mita 2 mbele unaleta nguvu ya kilo 30 kwenda juu. Mvutaji anajikuta ananing'inia. Ukikaa sentimita 5 mbele ya ekseli, mikono inakandamizwa kwa kilo 15 kwenda chini, na huo ni uzito unaosaidia: miguu inashika ardhi. Lakini hiyo ni tambarare. Mzigo uliopangwa juu, ambao kitovu cha uzito wake kiko mita moja juu ya ekseli, ukipanda mlima wa mita 5 kwa kila mita 100 unarudi nyuma sentimita 5, na zile kilo 15 zinapotea zote. Ukishuka mlima huohuo zinakuwa 30. Ndiyo maana mtu akipandisha magunia ya mkaa huweka msaidizi nyuma anayesukuma juu, na akishusha huwa anakimbia bila kutaka. Tunashauri mstari mwekundu upakwe rangi ubavuni, sentimita 5 mbele ya ekseli, uwe alama ya katikati ya mzigo. Haugharimu kitu, na mkaguzi anaweza kuuona akiwa ng'ambo ya barabara.

Upepo wa matairi nao tutauguse tu. Tairi gumu linataka kama kilo 6 za nguvu kuvuta kilo 600 kwenye lami nzuri. Likiwa laini zinakuwa 12 au zaidi. Mvutaji aliyechoka mapema ndiye anayeachia mkokoteni mteremkoni.

Sasa guta la pedeli. Hapa ndipo penye kazi.

Ukiangalia guta la kawaida la mjini utakuta mbele ni fremu ya baiskeli ya madukani, imekatwa nyuma ya kiti na kuunganishwa na chasisi ya mabomba ya mraba. Nyuma kuna ekseli ya milimita 20 au 25 inayopita kwenye beringi mbili za kukalia, zile zenye nyumba ya chuma cha kumimina. Cheni inazungusha ekseli. Na hapa kuna siri ambayo wakaguzi wengi hawaijui: ni gurudumu moja tu la nyuma lililofungwa kwenye ekseli. La pili linazunguka huru. Tunafanya hivyo makusudi. Ukiyafunga yote mawili kwenye ekseli moja bila difu, guta halikati kona. Tairi la ndani linaburuzwa, linaisha upesi, na ile pini inayoshikilia gurudumu kwenye ekseli inakatika.

Lakini siri hiyo inaharibu breki. Breki ya guta huwa ni mkanda wa chuma unaokaba ngoma ndogo iliyo katikati ya ekseli. Mwendeshaji akikanyaga, ekseli inasimama, lakini lile gurudumu huru halina habari. Guta linafungwa upande mmoja tu, na linavuta upande huohuo. Likiwa tupu mwendeshaji hulizuia kwa usukani. Likiwa na magunia matano ya saruji, lami imelowa, na linashuka kutoka Magomeni kwenda Jangwani, usukani hauna la kufanya.

Wapo wanaosema, basi kuna breki ya mbele. Tupige hesabu. Guta lenye kilo 60, mwendeshaji wa kilo 65 na mzigo wa kilo 250, jumla kilo 375. Gurudumu la mbele linabeba kama kilo 60 tu kati ya hizo, zilizobaki ziko nyuma. Tairi lenye kipara kwenye lami yenye maji halishiki hata kwa nusu ya uzito ulio juu yake. Kwa hiyo breki ya mbele, hata iwe nzuri vipi, haizuii zaidi ya kilo 30. Mteremko wa mita 5 kwa mita 100 peke yake unalivuta guta hilo kwa karibu kilo 19. Ili lisimame ndani ya mita 5 kutoka mwendo wa kilomita 12 kwa saa, nguvu inayohitajika mteremkoni hapo ni kama kilo 60. Zinazopatikana ni 30, na hapo tumehesabu kwamba mpira wa breki unashika rimu. Mpira kwenye rimu ya chuma iliyolowa haushiki. Kwa lugha nyepesi, guta hilo litakwenda zaidi ya mita 18 kabla ya kusimama, na daladala lililofunga breki mbele yake liko mita 6.

Namna ya kutengeneza breki inayofaa tunaijua na imeshajaribiwa. Unachukua habu mbili za nyuma (sehemu ya katikati ya gurudumu, yenye ngoma ya breki) za pikipiki chakavu, zile za cc 100 hadi 150, ngoma ya milimita 110 au 130. Kila moja inakwenda kwenye gurudumu lake la nyuma. Hakuna tena ekseli moja inayovuka; kila gurudumu lina ekseli yake fupi, nalo linashikwa na fremu pande zote mbili, ndani na nje. Hilo la nje ndilo mafundi wanaoanza hulisahau. Ekseli ya pikipiki ni nyembamba, milimita 12 hadi 15, na imetengenezwa kushikwa ncha zote mbili. Ukiishika ncha moja kama ya gari itapinda ndani ya mwezi, na utaona matairi yametanuka chini kama miguu ya mbuzi mwenye mimba.

Sahani ya breki, ile yenye vitambaa, lazima ifungwe kwenye fremu kwa mkono wake wa chuma na boliti ya milimita 8 yenye nati ya kujifunga. Usipoufunga, siku ya kwanza mwendeshaji akikaba breki kwa nguvu sahani inazunguka pamoja na ngoma, inakata kebo, na guta halina breki kabisa. Tumeona maguta mengi mazuri yaliyoharibikia hapo.

Kebo mbili haziwezi kufungwa tu kwenye pedeli moja zikaachwa. Moja italegea kabla ya nyingine, na tutarudi kulekule kwa kuvuta upande. Inatakiwa mizani: bamba la chuma la milimita 6, urefu sentimita 12, matundu matatu. Tundu la katikati linavutwa na pedeli, ya pembeni yanavuta kebo. Kebo moja ikilegea, mizani inainama kidogo na nguvu inaendelea kugawanyika sawasawa. Acheni nafasi ya kuinama. Mizani ikigonga fremu kabla kebo haijakaza, kazi yote ni bure. Na mizani ikishainama sana ni ishara ya kukaza kebo, jambo ambalo mwendeshaji analiona mwenyewe bila kufungua kitu.

Cheni nayo ina mtego wake. Sproketi (gurudumu la meno) ya pikipiki namba 428 na cheni ya baiskeli zote zina hatua ya nusu inchi, kwa hiyo fundi huziona kama zinaoana. Haziingiani: jino la 428 lina unene wa kama milimita 7, na cheni ya baiskeli ndani ina milimita 3 na ushee. Kuna wanaolisaga jino kwa grinda hadi likonde; linafanya kazi kwa muda kisha linakatika. Njia sahihi ni kuweka shafti ya kati chini ya kiti. Cheni ya baiskeli inatoka kwenye pedeli hadi kwenye friwili iliyo upande mmoja wa shafti, na cheni ya 428 inatoka upande wa pili hadi gurudumu la nyuma la kushoto. Friwili ikae hapo kwenye shafti, vinginevyo pedeli zitazunguka zenyewe mteremkoni na kumvunja mtu miguu. Breki ya mbele ibaki, iwe ya akiba.

Magurudumu. Rimu ya baiskeli yenye spoku 36 za milimita 2 haikutengenezewa guta. Baiskeli ikikata kona inalala, kwa hiyo uzito unapita katikati ya rimu. Guta halilali. Kila kona inaisukuma rimu kwa ubavu, na ubavuni ndiko spoku hazina nguvu. Ndiyo sababu mnaona maguta yenye magurudumu yaliyojikunja kama kofia. Spoku za milimita 3 na zaidi, au rimu ya pikipiki moja kwa moja, hazina tatizo hilo, na ukiwa umeshatumia habu za pikipiki umeshalimaliza.

Kuhusu kupinduka, tutasema jambo moja. Guta lenye upana wa sentimita 90 kati ya matairi, ambalo kitovu cha uzito kiko mita moja juu, likikata kona ya nusu kipenyo cha mita 4 kwa kilomita 12 kwa saa linapita. Kwa kilomita 15 linalala ubavu. Ukishusha kitovu hadi sentimita 70, kilomita 15 linapita bila shida. Tofauti hiyo ni kati ya magunia ya viazi yaliyosimamishwa na yaliyolazwa.

Uchomeleaji ni suala letu sisi na hatuwezi kumlaumu mtu mwingine. Guta hukatika mahali pamoja: nyuma ya kiti, pale bomba la baiskeli lenye ukuta wa milimita moja na nusu linapokutana na bomba la mraba. Fundi anatumia kijiti cha milimita 3.2 kwa ampea zaidi ya 100, bomba linatoboka, analijaza, analisaga likapendeza, analipaka rangi. Chini ya rangi kuna chuma kilichoungua. Kwa bomba jembamba ni kijiti cha milimita 2.5 na ampea 60 hadi 80. Kabla ya kuunganisha, bomba dogo la urefu wa sentimita 15 liingie ndani ya lile la fremu; ncha ikatwe mdomo wa samaki ili ilale vizuri; kisha pembetatu za bamba la milimita 3 ziwekwe kila upande. Mkaguzi hahitaji mashine. Apandishe watu wawili kwenye bodi, amulike tochi nyuma ya kiti, aangalie kama rangi imepasuka kwa mstari. Rangi hupasuka kabla ya chuma.

Na nondo isitumike kama ekseli. Tumeshaiona.

Taa. Taa ya dainamo inayosuguliwa na tairi haifai kwa guta, maana inazima guta likisimama, na likiwa limesimama ndipo linapogongwa kwa nyuma. Taa ndogo ya jua yenye betri yake, au taa ya LED ya volti 12, ni bora. Muhimu zaidi ni stika za kuakisi mwanga: nyekundu nyuma, nyeupe mbele, na za njano ubavuni. Zisibandikwe kwenye mbao za bodi kwa juu, kwa kuwa magunia na maturubai huzifunika. Zikae kwenye chuma cha chasisi chini ya bodi, mahali ambapo mzigo haufiki. Mkokoteni nao hivyohivyo, kwenye ncha ya nyuma na kwenye ncha za mikono, kwa kuwa ukiachwa umeegeshwa usiku mikono hiyo inatokeza barabarani kama mikuki.

Baiskeli ya kuendeshwa kwa mikono inastahili barua yake, lakini kuna mawili hatuwezi kuyaacha. La kwanza, mwendeshaji wake ana mikono miwili tu, na yote iko kazini kuzungusha na kuongoza. Breki iliyo kwenye usukani kama ya baiskeli ya kawaida inamtaka aache kuzungusha, na akipanda mlima akaacha, anarudi nyuma. Inatakiwa breki ya kubaki, inayofungwa kwa wenzo wa kando na kujishika yenyewe. La pili ni pantoni ya Magogoni na Kigamboni. Maji yakitoka, ule mlango wa chuma unashuka mkali, na baiskeli inayoupanda, ambayo gurudumu lake moja la mbele ndilo linaloendesha, inapoteza mshiko kwa sababu uzito wote umehamia nyuma. Hilo fundi hawezi kulimaliza. Kamba moja ya kushikia pembeni na mtu mmoja wa zamu wangelimaliza.

Kuna mambo mengine ambayo yako upande wenu na hayahitaji operesheni. Mifuniko ya mifereji yenye nyufa ndefu zinazofuata mwelekeo wa barabara inameza tairi la baiskeli hadi kwenye rimu. Ikigeuzwa nyufa zikate barabara, tatizo limekwisha. Mitaa ya Kariakoo kama Congo na Msimbazi haina saa za kupakia zinazojulikana na kila mtu, kwa hiyo lori, guta, mkokoteni na mpita njia wote wanafika saa moja asubuhi. Kuhusu njia za mabasi ya mwendokasi, hatutetei guta linaloingia humo. Basi lile halina pa kukwepea, na mwendeshaji anayelifanya hilo anatuharibia sote.

Wenzetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, wana chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, inayoshuka kutoka vilima vya Kibumba ikiwa na makabichi na viazi, na breki yake ni kipande cha mpira kinachokanyagwa dhidi ya gurudumu la nyuma. Mji wao umeiwekea sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Sisi sanamu hatuitaki. Tunataka karatasi.

Karatasi tunayoomba iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye michoro, ambayo fundi anaweza kuibandika ukutani karakanani. TBS, shirika la viwango, wana kazi ya kuandika viwango, SIDO, shirika la viwanda vidogo, wako karibu na mafundi wadogo tangu 1973, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana walimu wa uchomeleaji na karakana za kufanyia majaribio. Wakikaa pamoja na mafundi wanne au watano wanaojenga vyombo hivi kila siku, kazi hiyo haina sababu ya kuchukua mwaka. Iseme mkokoteni uwe na ngoma na kebo, guta liwe na breki kwenye magurudumu yote mawili ya nyuma, spoku za unene gani, stika zikae wapi, uzito wa mwisho ni kilo ngapi. Uzito huo uandikwe ubavuni kwa rangi.

Kisha iwepo namna ya kupima isiyohitaji kifaa ambacho wilaya haina. Tunapendekeza hii. Guta lipakiwe mifuko mitano ya saruji, kilo 250. Zichorwe alama mbili kwa chokaa, umbali wa mita 10. Mwendeshaji apite katikati yake kwa sekunde 3, hizo ni kilomita 12 kwa saa kamili, na akivuka alama ya pili afunge breki. Likisimama ndani ya mita 5 bila kuvuta upande kwa zaidi ya upana wa tairi, limefaulu. Jaribio lirudiwe baada ya ndoo mbili za maji kumwagwa kwenye magurudumu. Mwishowe lifungwe breki ya kusimama kwenye mteremko wa mita 1 kwa 10, mwendeshaji ashuke, na lisisogee kwa dakika 5. Wanaotakiwa ni trafiki mmoja, fundi mmoja, saa ya simu na futi ya kupimia. Likifaulu, ligongwe namba kwenye chasisi kwa patasi za herufi, pamoja na alama ya karakana iliyolijenga.

Alama hiyo ya karakana ndiyo tunayoitaka kuliko yote, ingawa inatubana sisi wenyewe. Leo guta likikatika nyuma ya kiti hakuna anayejua nani alichomelea. Likiwa na alama, mtamjua, na mtamfuata yeye badala ya kumfuata mchukuzi ambaye alinunua chombo akiamini kimekamilika.

Kwa vyombo vilivyopo tayari barabarani, tunaomba miezi sita ya kuvirekebisha kabla ya kuanza kukamata, na vikikamatwa vipelekwe kurekebishwa kwa gharama ya mwenye chombo, visikatwe. Ngoma na kebo za handibreki zisiuzwe kama chakavu ya kuyeyushwa. Hilo linaweza kusimamiwa kwenye mizani za wanunuzi wa chuma chakavu.

Tuko tayari kuleta guta moja na mkokoteni mmoja vilivyojengwa kama tulivyoeleza, pamoja na mifuko ya saruji na chokaa, siku na mteremko mtakaouchagua nyinyi.

Wenu,
Mafundi wa maguta, mikokoteni na baiskeli za miguu mitatu
Dar es Salaam